Kutunga aina zako za data katika VHDL: kutoka jina hadi waya

Fungua msimbo wa VHDL wa mtu anayeanza, utakuta karibu kila ishara ni `std_logic` au `std_logic_vector`. Hali ya mashine ni "01", amri ni "110", kosa ni "11". Siku ya kwanza msimbo unafanya kazi vizuri tu. Wiki ya tatu mwenyewe hakumbuki tena kama "10" ilikuwa ya kusubiri au ya kusoma, na kompaila haina la kumsaidia, maana kwake zote ni waya mbili tu.

Aina ya data unayoitunga mwenyewe inakupa vitu viwili kwa mpigo: waya zinapata jina la kile zinachobeba, na kompaila inapata haki ya kukukatalia. Lakini hii ni lugha ya kuelezea maunzi, si lugha ya programu. Jina lolote utakalotunga litageuzwa kuwa waya na flipuflopu (sakiti ndogo, kila moja inashika biti moja) zinazohesabika. Kwa hiyo katika kila hatua ya mwongozo huu nitarudia swali lilelile: hizi ni biti ngapi?

Usidhani unafanya jambo la ajabu. VHDL ilizaliwa miaka ya 1980 katika mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikapata kiwango chake cha kwanza, IEEE 1076, mwaka 1987, na sintaksia yake nyingi ilichukuliwa kutoka lugha ya Ada. Ukali wake kuhusu aina umetoka huko. Hata `std_logic` yenyewe haimo ndani ya lugha. Ni aina iliyotungwa na watu, ikawekwa kwenye pakeji ya kiwango cha IEEE 1164, nayo ni orodha ya thamani tisa: 'U', 'X', '0', '1', 'Z', 'W', 'L', 'H' na '-'. Waliofanya hivyo walitumia maneno `type` na `subtype` yaleyale utakayotumia wewe.

Mfano wetu ni kipokezi cha data ya mfululizo: waya mmoja unaleta biti moja baada ya nyingine, sisi tunazikusanya kuwa baiti. Saa ni ya MHz 50, mwendo ni biti 115200 kwa sekunde. Gawanya utapata 434 na kidogo, kwa hiyo kila biti inachukua mapigo 434 ya saa.

Hatua ya 1: Anza na pakeji, usianze na moduli

Aina ikitumika kwenye poti ya moduli, lazima iwe imetangazwa mahali ambapo moduli nyingine pia zinaiona. Mahali hapo ni pakeji. Fungua faili `pokezi_pkg.vhd`:

```vhdl
library ieee;
use ieee.std_logic_1164.all;

package pokezi_pkg is

  type hali_t is (kimya, anza, soma, maliza);

  subtype namba_biti_t is natural range 0 to 7;
  subtype baiti_t is std_logic_vector(7 downto 0);

  type kipande_t is record
    baiti  : baiti_t;
    tayari : std_logic;
    kosa   : std_logic;
  end record;

  constant KIPANDE_TUPU : kipande_t :=
    (baiti => (others => '0'), tayari => '0', kosa => '0');

  type ghala_t is array (0 to 15) of baiti_t;

end package;
```

Herufi `_t` mwishoni ni mazoea tu, lugha hailazimishi. Mimi siachi kuiweka, kwa sababu inaniruhusu kuwa na ishara iitwayo `hali` ya aina `hali_t` bila majina kugongana. Na kumbuka VHDL haitofautishi herufi kubwa na ndogo: `Hali` na `HALI` ni kitu kimoja.

Aina moja itangazwe mahali pamoja. Hapa niliwahi kupoteza jioni nzima. Nilikuwa naunganisha moduli mbili zilizoandikwa na watu wawili, kila mmoja na pakeji yake, na kila pakeji ilikuwa na rekodi yenye jina lilelile na vipengele vilevile, herufi kwa herufi. Nikaziita zote mbili kwa `use ... .all`. Kompaila ikasema jina hilo halijatangazwa kabisa. Halijatangazwa? Nimelitangaza mara mbili! Na kumbe ndilo tatizo: pakeji mbili zikileta jina moja la aina kwa njia hiyo, lugha haichagui mojawapo, inayaficha yote mawili. Nilipoondoa `use` moja, nikapata kosa la pili: rekodi ya moduli ya kwanza haikubaliki kwenye poti ya moduli ya pili. Katika VHDL aina mbili hazilingani kwa kufanana sura. Kila tangazo la `type` linazaa aina mpya, hata kama ndani yake ni nakala ya nyingine. Tulifuta pakeji moja, mambo yakatulia.

Hatua ya 2: Taja hali kwa majina

Mstari wa `hali_t` ndio wenye faida kubwa kuliko yote kwa bei ndogo. Kuanzia sasa huandiki `if hali = "10"`, unaandika `if hali = soma`. Ukikosea ukaandika `some`, kompaila inakataa. Ungeandika "11" badala ya "10", hakuna ambaye angekuambia.

Biti ngapi? Inategemea zana ya usanisi, yaani ile inayogeuza maandishi yako kuwa sakiti. Majina manne yanaweza kuwa biti 2 kwa namba za kawaida, au biti 4 ambapo kila hali ina flipuflopu yake na moja tu ndiyo inayowaka kwa wakati mmoja. Kwenye FPGA, yaani chipu ambayo sakiti yake unaipanga mwenyewe, zana mara nyingi hupenda mtindo huu wa pili kwa mashine ndogo, kwa sababu flipuflopu zipo nyingi na mantiki ya kuamua hali ifuatayo inakuwa nyepesi. Ukitaka kuamua mwenyewe, kuna sifa inayoambatishwa kwenye aina:

```vhdl
attribute enum_encoding : string;
attribute enum_encoding of hali_t : type is "00 01 11 10";
```

Baadhi ya zana zinataka sifa zao zenye majina mengine, kwa hiyo soma mwongozo wa unayotumia, halafu hakikisha kwenye ripoti ya usanisi kwamba kweli imekutii. Kwa kawaida mimi naiachia zana iamue.

Hapa kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni thamani ya kuanzia. Usipotaja yoyote, ishara ya aina ya orodha inaanza na jina la kushoto kabisa, hapa `kimya`. Inaonekana ni zawadi, na kwa sehemu ni zawadi, lakini inaficha kosa. Ishara ya `std_logic` ambayo hukuiwekea chochote huanza na 'U', na hiyo 'U' husambaa kwenye simuleta mpaka uione. Aina yako ya orodha haina 'U'. Mashine iliyosahauliwa kufutwa (reset) mwanzoni itaonekana imetulia kwenye `kimya` katika simuleta, ilhali kwenye chipu halisi inaweza kuamka popote. Wapo wanaoongeza jina la bandia kushoto kabisa ili kulikamata kosa hili. Mimi sifanyi hivyo, maana hali hiyo ya bandia nayo inaingia kwenye hesabu ya biti. Naandika ufutaji waziwazi na kuukagua.

Wa pili ni `when others`. Watu huiweka mwishoni mwa `case` wakiamini inawakinga endapo flipuflopu itageuka yenyewe na kuiacha mashine kwenye hali isiyokuwepo. Haiwakingi. Kwa lugha, `hali_t` ina thamani nne tu, na ukishazitaja zote nne `others` haina kitu cha kushika, hivyo zana ina haki ya kuifuta. Ukitumia biti 4 zenye moja inayowaka, mchanganyiko uko wa aina 16 na 12 kati yake ni haramu, lakini hakuna hata mmoja unaoonekana ndani ya msimbo wako. Kinga ya kweli inaombwa kwa mpangilio maalumu wa zana wa kuifanya mashine iwe salama. Zaidi ya hapo, `when others` inakunyima msaada: ukiongeza hali ya tano kesho, kompaila ingekuambia `case` haijakamilika, ila `others` itaimeza kimyakimya. Kwa aina za orodha, taja kila hali kwa jina lake.

Hatua ya 3: Wekea namba mipaka

Ukitangaza `signal hesabu : integer`, unaweza kuishia na kihesabio cha biti 32 kwa kazi ya kuhesabu hadi 433, isipokuwa zana iwe makini kukupunguzia. Tena kwenye simuleta kitaanza na namba hasi kubwa kuliko zote, maana upande wa kushoto wa `integer` ndiko iliko. Andika hivi:

```vhdl
constant MUDA_BITI : positive := 434;
signal hesabu : natural range 0 to MUDA_BITI - 1 := 0;
```

Kutoka 0 hadi 433 ni biti 9, kwa kuwa 8 zinafika 255 tu. Nayo `namba_biti_t`, 0 hadi 7, ni biti 3 kamili.

Sasa tazama kosa dogo kwa karibu. Tuseme umeandika `if hesabu = MUDA_BITI` ukasahau kutoa moja. Kwenye simuleta hesabu inafika 433, inajaribu kwenda 434, na simuleta inasimama papo hapo, ikitaja faili na mstari ambapo mpaka umevukwa. Umelipata kosa kwa dakika moja. Kwenye chipu hakuna anayesimama. Biti 9 zinaweza kubeba 434 bila shida, kwa hiyo huenda kipokezi kikafanya kazi kikichelewa pigo moja katika kila 434, sawa na asilimia 0.23, usijue kamwe. Au zana itajiambia kwamba ishara hii imeahidiwa haitazidi 433, kwa hiyo ulinganisho na 434 hauwezi kutimia, iufute, na kihesabio kisirudi sifuri pale ulipotaka. Yote mawili ni halali. Mpaka ulioandika ni ahadi yako kwa zana. Simuleta inaikagua, chipu haiikagui.

Ndiyo maana pia fahirisi ya ghala la nafasi 16 usiiongeze kwa `f + 1` peke yake ukitegemea ijizungushe. Biti 4 zingejizungusha, ila simuleta itakataa 16. Andika `(f + 1) mod 16`, sakiti inatoka ileile na kila mtu anaridhika.

Kuhusu `subtype` na `type` kwa namba: `subtype` ni mama yuleyule aliyewekewa uzio. `natural` na `positive` zenyewe ni za namna hiyo, zote ni watoto wa `integer`, na unazichanganya bila kubadilisha chochote. Ukitumia `type` unapata ukoo mpya:

```vhdl
type volti_t is range 0 to 5000;
type joto_t  is range 0 to 300;
```

Hapo `volti + joto` haipiti kwenye kompaila hata kidogo. Inapendeza sana kwa dakika kumi za kwanza, kisha unaanza kuandika `integer(volti)` kila kona. Ushauri wangu: tumia `type` mpya kwa namba pale tu ambapo kuchanganya kungeleta madhara, kwingine `subtype` inatosha. Na kwa `baiti_t` usifikirie mara mbili. Ukiitangaza kama safu mpya ya `std_logic` badala ya `subtype` ya `std_logic_vector`, kila unapokutana na moduli ya mtu mwingine utalazimika kubadilisha aina.

Hatua ya 4: Funga pamoja vinavyosafiri pamoja

Baiti iliyopokewa haina maana bila alama ya kusema iko tayari, na alama ya kosa inaihusu baiti hiyohiyo. Zinasafiri pamoja, basi zifungwe kwenye rekodi moja. `kipande_t` ni biti 10: nane, moja na moja. Rekodi yenyewe haiongezi gharama yoyote, ni kamba tu iliyofunga waya.

Hii hapa moduli nzima:

```vhdl
library ieee;
use ieee.std_logic_1164.all;
use work.pokezi_pkg.all;

entity pokezi is
  port (
    saa   : in  std_logic;
    futa  : in  std_logic;
    rx    : in  std_logic;
    toleo : out kipande_t
  );
end entity;

architecture rtl of pokezi is
  constant MUDA_BITI : positive := 434;
  signal hali    : hali_t := kimya;
  signal hesabu  : natural range 0 to MUDA_BITI - 1 := 0;
  signal namba   : namba_biti_t := 0;
  signal rejista : baiti_t;
begin
  process (saa)
  begin
    if rising_edge(saa) then
      toleo.tayari <= '0';
      if futa = '1' then
        hali  <= kimya;
        toleo <= KIPANDE_TUPU;
      else
        case hali is
          when kimya =>
            hesabu <= 0;
            namba  <= 0;
            if rx = '0' then
              hali <= anza;
            end if;

          when anza =>
            if hesabu = MUDA_BITI / 2 then
              hesabu <= 0;
              if rx = '0' then
                hali <= soma;
              else
                hali <= kimya;   -- ilikuwa kelele tu
              end if;
            else
              hesabu <= hesabu + 1;
            end if;

          when soma =>
            if hesabu = MUDA_BITI - 1 then
              hesabu  <= 0;
              rejista <= rx & rejista(7 downto 1);
              if namba = namba_biti_t'high then
                hali <= maliza;
              else
                namba <= namba + 1;
              end if;
            else
              hesabu <= hesabu + 1;
            end if;

          when maliza =>
            if hesabu = MUDA_BITI - 1 then
              toleo <= (baiti => rejista, tayari => '1', kosa => not rx);
              hali  <= kimya;
            else
              hesabu <= hesabu + 1;
            end if;
        end case;
      end if;
    end if;
  end process;
end architecture;
```

(Kwenye bodi halisi `rx` ipitishwe kwanza kwenye flipuflopu mbili mfululizo, kwa kuwa inatoka nje na haifuati saa yetu. Nimeiacha ili isitutoe njiani.)

Angalia `namba_biti_t'high`. Sikuandika 7. Siku mtu akitaka biti 9 za data, atagusa pakeji, na kihesabio kitafuata chenyewe. `rejista(7 downto 1)` bado ina namba ngumu, nayo unaweza kuiandika `rejista(rejista'high downto 1)`. Sifa hizi, `'high`, `'low`, `'left`, `'range`, `'length`, ndizo zinazofanya aina yako iwe chanzo kimoja cha ukweli. Msimbo wenye aina nzuri lakini namba zimetawanyika kila mahali umefanya nusu ya kazi.

Angalia pia kwamba nimejaza rekodi kwa kutaja kila kipengele kwa jina. Lugha inaruhusu kujaza kwa mpangilio bila majina, `(rejista, '1', not rx)`. Usifanye hivyo. `tayari` na `kosa` zote ni `std_logic`, na mtu akibadilisha mpangilio wake kwenye pakeji hakuna kitakacholalamika.

Rekodi zina udhaifu mmoja unaokera: poti moja ina mwelekeo mmoja. Mawasiliano yenye waya wa kwenda na wa kurudi hayaingii kwenye rekodi moja ya `in` au `out`. Suluhisho la siku zote ni kutunga rekodi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Toleo la mwaka 2019 la kiwango liliongeza njia ya kutaja mwelekeo wa kila kipengele, lakini kabla ya kuitegemea hakikisha kila zana unayotumia inaielewa. Mimi bado natunga mbili.

Hatua ya 5: Safu, na jinsi ya kutoharibu kumbukumbu

`ghala_t` ni baiti 16, yaani biti 128. Zinaweza kuwa kumbukumbu iliyojengwa tayari ndani ya chipu, au flipuflopu 128, na kinachoamua ni namna unavyoitumia, si namna ulivyoitangaza. Ukiandika kwenye ufutaji `ghala <= (others => (others => '0'))`, umeomba nafasi zote zifutwe kwa pigo moja, jambo ambalo kumbukumbu ya kawaida haiwezi, kwa hiyo utapewa flipuflopu. Kwa biti 128 hakuna atakayelia. Kwa biti 65536 zana itafanya kazi muda mrefu mno na chipu huenda ikajaa. Futa viashiria vya kusoma na kuandika tu, yaliyomo yaache. Na kwa kumbukumbu kubwa, usomaji uufanye ndani ya `rising_edge`.

Safu ya rekodi inakubalika pia. Ukitaka kuhifadhi baiti pamoja na kosa lake, `array (0 to 15) of kipande_t` inakupa biti 160. Ila jiulize kama kweli unahitaji kuhifadhi `tayari`. Kilichomo ghalani ni tayari siku zote, na biti 16 zimepotea bure.

Hatua ya 6: Ipitishe kwenye simuleta

GHDL ni simuleta ya bure na kali kuhusu aina, kwa hiyo inafaa kujifunzia. Kwenye benchi la majaribio, yaani faili la VHDL linaloijaribu moduli yako (hapa `jaribio.vhd`), andika utaratibu wa kutuma baiti, nao utumie aina zilezile:

```vhdl
constant MUDA : time := 434 * 20 ns;

procedure tuma (constant b : in baiti_t; signal waya : out std_logic) is
begin
  waya <= '0';
  wait for MUDA;
  for i in baiti_t'reverse_range loop
    waya <= b(i);
    wait for MUDA;
  end loop;
  waya <= '1';
  wait for MUDA;
end procedure;
```

`reverse_range` inatembea kutoka 0 hadi 7, maana biti ndogo ndiyo hutangulia. Hata `time` hapo ni aina yenye vipimo, na unaweza kutunga ya kwako, kwa mfano ya upinzani yenye ohm na kohm, ila ni ya simuleta, si ya kutengenezea sakiti. Na kwa kuwa herufi kubwa na ndogo ni sawa, usije ukajaribu kuweka mohm na Mohm pamoja.

```
ghdl -a --std=08 pokezi_pkg.vhd pokezi.vhd jaribio.vhd
ghdl -e --std=08 jaribio
ghdl -r --std=08 jaribio --wave=jaribio.ghw --stop-time=1ms
```

Mpangilio wa faili kwenye mstari wa kwanza si wa hiari: pakeji itangulie. Ukiigusa pakeji baadaye, rudia zote zinazoitegemea. Baiti moja yenye biti zake 10 inachukua maikrosekunde 86.8, hivyo ndani ya milisekunde 1 unaweza kutuma 11.

Hifadhi mawimbi kwa muundo wa GHW, si VCD. VCD haikutengenezwa kwa ajili ya aina za VHDL, lakini GHW inazibeba. Ukiifungua kwa GTKWave, programu ya kutazama mawimbi, kwenye ishara ya hali utasoma `kimya`, `anza`, `soma`, `maliza` juu ya wimbi lenyewe, na rekodi inafunguka kipengele kwa kipengele. Ukitaka kuandika hali kwenye ripoti, `hali_t'image(hali)` inakupa jina lake.

Hatua ya 7: Mlangoni kwa nje, rudi kwenye waya za kawaida

Ndani ya mradi tumia aina zako upendavyo. Kwenye moduli ya juu kabisa, ile ambayo poti zake ni pini za chipu, rudi kwenye `std_logic` na `std_logic_vector`. Baada ya usanisi, zana huzipasua rekodi kuwa waya mojamoja na kuzipa majina inayoyataka yenyewe, na benchi lako la majaribio lililotegemea `kipande_t` halitaingia kwenye sakiti iliyotoka.

Ukitaka kuonyesha hali kwenye taa mbili za bodi, ibadilishe waziwazi, ukiwa umeita `ieee.numeric_std`:

```vhdl
taa <= std_logic_vector(to_unsigned(hali_t'pos(hali), 2));
```

`'pos` inatoa nafasi ya jina kwenye tangazo: `kimya` ni 0, `maliza` ni 3. Haitoi biti ambazo zana imezichagua kwa ndani. Zana ikiwa imetumia biti nne zenye moja inayowaka, itaongeza mantiki ndogo ya kutafsiri ili taa zionyeshe 0 hadi 3.

Kama kazini kwako wanatumia SystemVerilog, ambayo kiwango chake cha kwanza ni IEEE 1800 cha mwaka 2005, `typedef enum` na `struct packed` zitakuletea mengi ya haya, kukiwa na tofauti tatu za kuangalia. Usipotaja upana wa `enum` unapata `int` ya biti 32, kwa hiyo andika `enum logic [1:0]`. Ukiiandika hivyo, hali isiyofutwa inaanza na X na inaonekana, jambo ambalo VHDL ilituficha kwenye hatua ya 2. Na kubadilisha namba kuwa `enum` kwa `hali_t'(...)` hakukagui kama thamani hiyo imo kwenye orodha, anayekagua ni `$cast`.

Kabla hujapeleka kwenye bodi, fungua ripoti ya usanisi na utafute mambo mawili: jedwali la hali, uone zimekuwa biti ngapi, na idadi ya flipuflopu za `pokezi`. Hesabu kwa mkono kwanza: hali 2 au 4, hesabu 9, namba 3, rejista 8, toleo 10. Ni 32 au 34. Ukikuta 60, kuna `integer` mahali fulani uliyosahau kuiwekea mpaka.